Handaki la Saldae: ni nani aliyekosea, mpimaji au waliobaki kazini?

#1 Mtafuta_Chemchemi

Habari za leo, wanajukwaa.

Kuna kisa cha ujenzi wa kale kilichonikaa rohoni wiki nzima, na ningependa tukijadili kwa utulivu. Katika karne ya 2 mji wa bandari wa Saldae, uliokuwa katika jimbo la Kirumi la Mauretania Caesariensis na ambao leo ni Béjaïa nchini Algeria, uliamua kuvuta maji kutoka chemchemi za Toudja, mwendo wa kilomita 21 hivi upande wa magharibi. Njia ya mfereji ilizuiwa na mlima, ikabidi litobolewe handaki la mita 428. Kikundi kimoja kilianzia upande wa juu, kingine upande wa chini, kwa matumaini kwamba watakutana kati. Hawakukutana.

Aliyepima njia ile ni Nonius Datus, mpima usawa wa maji wa Lejioni ya 3 Augusta, kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi kilichokuwa na makao yake Lambaesis. Alipoitwa arudi, alikuta kazi imekwama na kila mtu amekata tamaa. Kwa namna nilivyosoma, alijitetea kwamba yeye alipima vizuri, ila mkandarasi na msaidizi wake walikosea jambo baada ya jambo katika miaka 4 ambayo hakuwepo, na kwamba angechelewa kidogo tu, Saldae ingejikuta na mahandaki mawili badala ya moja.

Hoja yangu ni kwamba mchoro ulikuwa sahihi na mkandarasi ndiye aliyeharibu. Naomba mawazo yenu, hasa ninyi mnaofanya kazi za upimaji na za maji.

#2 Bomba_la_Kijiji

Salaam, mleta uzi. Nakubaliana nawe bila kusita, kwa sababu nimeyaona kwa macho yangu.

Nilikuwa katibu wa kamati ya maji wakati kijiji chetu kilipojengewa mradi wa maji ya mserereko. Mhandisi alikaa nasi siku mbili, akapiga vigingi vyenye ncha nyekundu kutoka kwenye chanzo hadi kwenye tangi, akaondoka. Mkandarasi alipofika kwenye jiwe kubwa hakulivunja, bali alilizunguka kwa upande wa juu, bomba likapanda kiasi cha kimo cha mtu kisha likashuka tena. Hewa ikajikusanya pale mgongoni, na vilula vya kijiji vikawa vinakohoa tu badala ya kutoa maji, mpaka tulipofukua pale na kuweka valvu ya kutolea hewa. Kwa miezi yote hiyo aliyekuwa akilaumiwa ni mhandisi, ambaye hakuwepo kujitetea. Ninapomsoma huyu Datus ni kama ninamwona yeye.

#3 Msoma_Mawe

Mleta uzi, uniwie radhi kwa kukukatiza mapema, lakini maneno uliyoyanukuu hayamo katika maandishi yenyewe. Habari hii tunaijua kwa sababu ya jiwe moja lililopatikana Lambaesis katika karne ya 19, ambalo juu yake vimechongwa vichwa vitatu vya kike vyenye majina ya Subira, Ushupavu na Tumaini. Mkandarasi, msaidizi wake, ile miaka 4 na mahandaki mawili ni nyongeza za mwandishi wa karne hiyohiyo ya 19 aliyekisimulia kisa upya kwa ajili ya wasomaji wake, na tangu hapo watu wamekuwa wakinakiliana.

Kilichomo kwenye jiwe ni hiki. Kwanza kuna barua ya Varius Clemens, liwali wa jimbo, akimwandikia Valerius Etruscus, jemadari wa lejioni, kwamba mji wa Saldae unaomba, na yeye pamoja nao, Nonius Datus ahimizwe aje kumaliza kazi yake iliyobaki. Kisha Datus mwenyewe anaeleza kwamba alishika safari, akavamiwa na wanyang'anyi njiani, akaponea akiwa uchi na mwenye majeraha pamoja na wenzake, akafika Saldae na kuonana na Clemens. Clemens akampeleka mlimani, ambako watu walikuwa wakililia lile handaki kama kitu cha kuachwa, kwa sababu urefu uliokwisha kuchimbwa ulikuwa umeupita upana wa mlima. Hapo ikaonekana kwamba machimbo yote mawili yameuacha mstari: la juu limekwenda mkono wake wa kulia, kuelekea kusini, na la chini nalo limekwenda mkono wake wa kulia, kuelekea kaskazini. Mstari wenyewe ulikuwa umewekewa vigingi juu ya mlima, kutoka mashariki kwenda magharibi.

Ukisoma sehemu hiyo hutaona mtu yeyote aliyetajwa kuwa mkosaji. Ni kweli kwamba sehemu ya maandishi imepotea, lakini tusijaze pengo kwa mkandarasi tuliyemtunga sisi.

#4 Mtafuta_Chemchemi

Ahsante sana, Msoma_Mawe. Nimesahihishwa, na ninaondoa nukuu ile. Swali langu hata hivyo linabaki, na pengine sasa limekuwa zito zaidi: ikiwa hakuna mkandarasi, kwa nini pande zote mbili zilikwenda kulia?

#5 Apolo_Mstaafu

Hapo ndipo nilipokuwa nikipangojea. Nimechimba Mererani miaka 9, na jambo hili si geni kwangu.

Mchimbaji aliyeko chini haoni mlima wala vigingi vilivyoko juu yake. Anaona mwamba ulio mbele ya tochi yake, basi. Mtu wa mkono wa kulia hushika tindo kwa kushoto na nyundo kwa kulia, na mkono wa nyundo unahitaji nafasi ya kurudi nyuma kabla ya kupiga. Kwa hiyo ukuta wa kulia hukatwa kidogo zaidi kila siku, si kwa kukusudia bali kwa sababu kiwiko kinagonga. Siku ya kwanza ni upana wa kidole. Baada ya miezi kadhaa, uso wa mwamba unaoukabili umeshageuka, na wewe bado unaamini unakwenda mbele moja kwa moja. Vikundi vyote viwili pale Saldae vilikuwa na watu wa mkono wa kulia wengi kuliko wa kushoto, kama ilivyo mahali popote.

Sisi kule tuna neno mtobozano, pale mashimo ya watu wawili tofauti yanapotobokeana chini ya ardhi na ugomvi unaanza. Maskini Warumi hawa walikuwa wakiutafuta mtobozano na wakaukosa.

#6 Mpimaji_wa_Tanga

Shikamoo, mzee Apolo. Umeeleza vizuri sana, na ningependa kuongeza hesabu ili wote waone jinsi kosa dogo linavyokua.

Tuseme kila kikundi kilipaswa kuchimba nusu ya handaki, yaani mita 214. Ukipotoka digrii 1 tu tangu mwanzo, ukifika kati utakuwa umehama mita 3.7 kutoka kwenye mstari. Wa upande wa pili akipotoka vivyo hivyo, mko mbali kwa zaidi ya mita 7. Angalieni sasa kitu ambacho jiwe linakitaja kwa usahihi mkubwa. Wachimbaji wa juu walitoka magharibi wakitazama mashariki, na mkono wa kulia wa anayetazama mashariki ni kusini. Wa chini walitazama magharibi, na kulia kwao ni kaskazini. Kila kikundi kilikosea kuelekea kulia kwake, lakini kwa kuwa walikabiliana, kulia kwa mmoja ni kushoto kwa mwenzake, na kwa hiyo walikuwa wakikimbiana. Laiti kikundi kimoja kingepotoka kulia na kingine kushoto, wote wangekuwa upande mmoja wa mlima na wangeweza kukutana bila hata kujua kwamba wamepinda.

Pamoja na hayo sikubali kwamba mkono wa kulia unatosha kuwa sababu. Dawa yake ilijulikana. Unaning'iniza timazi mbili mlangoni mwa handaki, unaweka taa kwenye uso wa mwamba, unarudi nyuma na kuangalia kama kamba mbili zinafunikana na mwanga ule. Kazi hiyo haichukui muda, na ingefanywa kila baada ya siku chache kosa lisingefika popote. Kwa hiyo swali langu si kwa nini walipotoka, kwa sababu kila mtu hupotoka. Swali ni kwa nini hakuna aliyekuwa akikagua.

#7 Apolo_Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Nakubali habari ya timazi, ila nina jambo linalonisumbua katika hesabu yako. Mita 7 za mwamba si nyingi. Sisi tulikuwa tukisikia nyundo za wenzetu kwa umbali mkubwa kuliko huo. Walipokuwa wakipitana walipaswa kusikiana.

#8 Mpimaji_wa_Tanga

Ni hoja nzito, mzee, na sina jibu lililokamilika. Huenda walipotoka zaidi ya digrii 1. Huenda pia walisikiana kweli, wakaifuata sauti, na sauti ndani ya mwamba wenye nyufa huja kutoka upande usio wake.

#9 Apolo_Mstaafu

Hilo la sauti kudanganya ni kweli. Nimewahi kuchimba siku tatu nikiifuata nyundo ambayo baadaye ilionekana iko juu yangu, wala si mbele yangu.

#10 Bint_wa_Nizwa

Amani kwenu nyote. Ninaandika kutoka Oman, na familia yetu ina zamu katika falaj, kwa hiyo naomba niongeze uzoefu wa huku.

Mifereji yetu ya chini ya ardhi haichimbwi kutoka pande mbili tu. Huchimbwa visima vya wima katika mstari mmoja, kimoja baada ya kingine, na chini yake wachimbaji huunganisha kisima na kisima. Umbali wa kutoboa gizani unakuwa mfupi, taka hutolewa kwa kamba, hewa inaingia, na aliyeko juu akiangalia midomo ya visima anaona mara moja kama mstari umepinda. Kila kisima ni kigingi ambacho hakuna mtu anayeweza kukihamisha.

Jiwe la Datus, kwa maelezo ya Msoma_Mawe, linataja vigingi juu ya mlima na wachimbaji wa juu na wa chini, na halisemi lolote kuhusu visima. Kwangu mimi kosa lilikuwa katika mbinu iliyochaguliwa, na aliyechagua mbinu ni mpimaji. Nasema hivi kwa heshima, maana naona humu ndani anatetewa sana.

#11 Mpimaji_wa_Tanga

Dada, falaj huanzia penye bonde au mteremko wa taratibu, na visima vyake vina kina kinachochimbika. Palipo na mlima juu ya kichwa, kisima kimoja cha wima chaweza kuwa kazi kubwa kama robo ya handaki zima. Kuchimba kutoka pande mbili bila visima kulikuwa kumekwisha kufanikiwa karne nyingi kabla ya hapo. Handaki la Eupalinos katika kisiwa cha Samos, lililochimbwa katika karne ya 6 Kabla ya Kristo, lina mita 1,036 na lilikutana. Pale karibu na makutano wachimbaji waliuacha mstari kwa makusudi wakapinda, ili kama wangekuwa sambamba bila kugusana, mmoja akatize njia ya mwenzake.

#12 Bint_wa_Nizwa

Ahsante kwa ufafanuzi, kaka. Basi umeniongezea hoja. Kama ujanja wa kupinda kwa makusudi ulijulikana miaka zaidi ya 600 kabla ya Saldae, kwa nini Datus hakuwaachia maagizo hayo?

#13 Mkaguzi_wa_Hesabu

Nimefuatilia uzi huu tangu jana, na naona mnajadili ufundi peke yake. Nitazameni upande wa fedha na madaraka.

Shahidi pekee tuliye naye ni mtu ambaye huenda alikuwa anatuhumiwa. Datus ndiye aliyechagua barua zipi zichongwe, na zote zilizobaki zinamsifu au zinamwomba msaada. Katika kazi yangu, mtu akileta faili lenye barua za pongezi tupu, swali langu la kwanza huwa ni wapi zilipo barua za malalamiko. Sisemi kwamba alidanganya, nasema tu kwamba jiwe lile ni utetezi, na utetezi husomwa kama utetezi.

Pili, kazi za namna hii zilikuwa zikikwama mara kwa mara. Plinius Mdogo, aliyekuwa liwali wa Bithynia na Ponto kuanzia mwaka 110 hivi, alimwandikia mfalme Trajan kwamba watu wa Nicomedia walikuwa wametumia sesterti (sarafu za Kirumi) 3,318,000 kwa mfereji wa maji ambao haukukamilika, ukaachwa na kubomolewa, kisha wakaanza mwingine, nao ukaachwa. Trajan alijibu kwamba wapatiwe maji, lakini akamtaka Plinius achunguze kwa bidii ni kwa kosa la nani fedha nyingi hivyo zimepotea, isije ikawa wanaanzisha na kuacha mifereji huku wakinufaishana wao kwa wao. Nilipoisoma barua ile mara ya kwanza nilisimama nikatembea chumbani. Ni maneno ambayo ningeweza kuyaandika katika taarifa ya ukaguzi leo asubuhi.

#14 Bomba_la_Kijiji

Mkaguzi, umenigusa. Kamati yetu nayo iliulizwa swali hilohilo, na mimi ndiye niliyekuwa na funguo za sanduku la fedha. Tulionekana safi, lakini sitasahau usiku ule wa kuhesabu stakabadhi kwa mwanga wa koroboi.

#15 Msoma_Mawe

Nashukuru kwa Plinius, kwa sababu barua zake zinatusaidia katika swali la Mpimaji: kwa nini hakuna aliyekuwa akikagua?

Wataalamu walikuwa wachache mno. Plinius alipoomba mpimaji kutoka Roma, Trajan alimjibu kwamba wapimaji alio nao hawatoshi hata kwa kazi za Roma na maeneo ya karibu. Alipotaka mpima usawa kwa ajili ya mfereji wa ziwa karibu na Nicomedia, alielekezwa amwombe Calpurnius Macer, aliyekuwa na majeshi katika jimbo jingine. Mambo ya Saldae ni hayohayo. Mauretania Caesariensis ilitawaliwa na liwali asiye na lejioni, mwenye vikosi vya msaada tu. Mtaalamu wa kupima usawa alikuwa mali ya lejioni, na lejioni ilikuwa chini ya jemadari mwingine. Kila alipohitajika, barua iliandikwa, ikasafirishwa, ikajibiwa, ikiwa itajibiwa.

Jiwe lina barua nyingine, ya Porcius Vetustinus, liwali wa kabla ya Clemens. Anashukuru kwa kutumiwa Datus, anasema ingawa alikuwa na haraka ya kwenda Caesarea alipitia Saldae kuukagua mfereji, akauona umeanzwa vizuri lakini ni kazi kubwa isiyoweza kumalizika bila Datus kuisimamia. Alitaka kuomba Datus aachwe kwa miezi kadhaa, isipokuwa Datus aliugua. Ukitazama majina ya maliwali, Petronius Celer ndiye aliyepokea mchoro katika miaka ya mwisho wa 130, Vetustinus alitawala mwishoni mwa miaka ya 140, na Clemens akaja mwanzoni mwa miaka ya 150. Ni maliwali watatu na zaidi ya miaka 10 kwa handaki moja. Mimi siwalaumu wachimbaji wala mpimaji, nalaumu utaratibu uliomfanya mtu mmoja mgonjwa kuwa ndiye pekee anayeujua mstari.

#16 Mlinzi_wa_Lango

Naona mnawachambua Warumi kana kwamba walishindwa. Tukumbuke kwamba wao ndio walioifundisha Afrika ya Kaskazini kutunza maji. Kabla yao palikuwa jangwa.

#17 Mwalimu_wa_Zamu

Ndugu Mlinzi, kwa heshima zote, hapo umekosea, na kosa lako lina historia. Wakoloni wa Kifaransa walipenda sana kuisimulia Afrika ya Kaskazini hivyo, ili wao waonekane warithi wa Roma waliorudi kuliamsha shamba lililolala.

Kerkouane, mji wa Wapuniki (watu wa utamaduni wa Carthage) katika Tunisia ya leo, uliachwa katika karne ya 3 Kabla ya Kristo, kabla Roma haijatawala hapo, na nyumba zake zina mabafu ya kukaa yaliyosakafiwa vizuri hata leo. Plinius Mkubwa anaielezea bustani ya mitende ya Tacape, yaani Gabès, ambako maji ya chemchemi yaligawiwa wenyeji kwa saa maalumu. Na huko Lamasba, Algeria, lipo jiwe la wakati wa mfalme Elagabalus, aliyetawala 218 hadi 222, lililoandikwa orodha ya wenye mashamba na saa za maji za kila mmoja, baada ya mgogoro. Roma ilichonga zamu hizo kwenye jiwe, lakini mazoea ya zamu hayakuhitaji Mrumi kuyaleta.

Nimekulia Uchagani, na mfongo, yaani mfereji wa maji, wa ukoo wetu ulikuwa na zamu ambayo hakuna aliyeiandika popote. Babu alijua ni siku gani na tangu jua likiwa wapi maji ni yetu, na jirani akichelewa kufunga tuta hata kidogo, babu alikwenda mwenyewe na jembe begani. Mfongo ule ulishika kontua ya mlima kilomita kadhaa bila chombo chochote cha kupimia. Waliochimba waliachilia maji kidogo mbele yao na kuyafuata.

#18 Bint_wa_Nizwa

Mwalimu, hata huku sehemu ya maji huhesabiwa kwa athar, nusu saa hivi, na zamani usiku ilipimwa kwa nyota. Nimefurahi sana kusoma habari za babu yako.

#19 Mlinzi_wa_Lango

Nimekuelewa, Mwalimu. Narudisha kauli kuhusu jangwa. Hata hivyo, maji yanayotangulia mbele ya jembe yanafaa juu ya ardhi, si ndani ya mlima.

#20 Mwalimu_wa_Zamu

Hapo tunakubaliana kabisa.

#21 Fundi_Chokaa

Samahani kwa kuingia na jambo la pembeni kidogo. Mimi ni fundi wa majengo ya kale, na kinachonivutia zaidi ni ndani ya mfereji. Warumi walipaka sakafu na kuta za njia ya maji kwa chokaa iliyochanganywa na vigae vya kuchoma vilivyopondwapondwa. Vumbi la kigae hufanya chokaa ishike hata ndani ya maji, kitu ambacho chokaa tupu haikiwezi. Rangi yake huwa ya waridi, na ukiikwangua kwa ukucha haiachi unga.

Mfereji wa Zaghouan ulioipelekea Carthage maji, wenye urefu wa kilomita zaidi ya 100 pamoja na matawi yake, ulikarabatiwa na Wahafsi, watawala wa Tunis, katika karne ya 13 kwa kuta za udongo wa kushindilia, na mpaka leo unaweza kuona nguzo ya mawe ya Kirumi imebeba udongo wa Kiislamu juu yake. Wale hawakujali nani alianza, walitaka maji yafike Tunis.

#22 Mtafuta_Chemchemi

Fundi, karibu sana, wala hujatoka nje ya mada. Naomba nirejee kwenye jambo ambalo hatujaligusa. Jiwe linasema Datus aliwashindanisha askari wa majini na kikosi cha Wagaesati (askari wa msaada), akampa kila mmoja kipimo chake cha kuchimba, na hivyo wakakutana. Je, mashindano hayo hayawezi kuwa ndiyo chanzo cha kosa? Watu wanaoshindana hawasimami kuangalia timazi.

#23 Msoma_Mawe

Swali hili limewagawa wasomaji. Wapo wanaolichukulia shindano kama jambo la mwanzoni kabisa, Datus alipogawa kazi mara ya kwanza. Kwa usomaji huo wazo lako linawezekana: shindano likatangulia, kosa likafuata. Wengine, nami nikiwemo, tunafuata mpangilio wa maandishi. Kosa linaelezwa kwanza, kisha mgawanyo wa kazi na shindano, kisha kukutana. Kwa usomaji wetu shindano ni tiba. Lakini mara tu baada ya hapo Datus anarudi nyuma na kusema yeye ndiye aliyepima usawa wa kwanza na kuigawa kazi kwa mchoro aliompa Petronius Celer, kwa hiyo nyakati zinachanganyika kidogo.

#24 Apolo_Mstaafu

Mimi nasema mashindano yanaongeza mita wala hayaongezi unyoofu. Tulipolipwa kwa mita, kila mtu alifuata mwamba laini. Mwamba laini ukienda kulia, nawe unakwenda kulia.

#25 Mkaguzi_wa_Hesabu

Hiyo ni sababu ya nne au ya tano sasa: mkono wa kulia, mwamba laini, kukosa visima, kukosa mkaguzi, na mashindano. Ninaona pia hakuna aliyeuliza kama mstari wa juu ya mlima ulibaki pale ulipowekwa. Miaka zaidi ya 10, mvua, mbuzi na watu wanaotafuta kuni. Vigingi vya mti vikiondolewa, nani angevirudisha mahali pake?

#26 Bomba_la_Kijiji

Kwetu vigingi 11 viliota moto wa kupikia ugali ndani ya wiki ya kwanza. Naunga mkono.

#27 Msoma_Mawe

Mkaguzi, kama vigingi vingehamishwa, Datus angepata utetezi mzuri kuliko wote, na angeuchonga kwa herufi kubwa. Badala yake anasema machimbo ndiyo yaliyouacha mstari, na mstari ulikuwa umewekewa alama. Mimi naelewa kwamba aliukuta bado upo.

#28 Mkaguzi_wa_Hesabu

Au aliupima upya na kuandika kana kwamba ulikuwepo. Tunarudi kulekule, kwamba shahidi ni mmoja.

#29 Mpimaji_wa_Tanga

Wanajukwaa, nimeshindwa kuvumilia, na jana jioni nimefanya jaribio dogo. Shamba la jirani lina mabua ya mahindi marefu ambayo hayajafyekwa. Niliweka vigingi viwili kila upande, nikachagua vijana wanne ninaowafundisha kazi, nikawaambia wafyeke njia nyembamba usiku, wawili kutoka kila upande, urefu wa mita 60 kwa jumla, wakitumia tochi na kuangalia vigingi vyao nyuma pale tu wanapokumbuka. Wote ni wa mkono wa kulia na wote walishika panga kwa kulia.

Kikundi cha mashariki kilipotoka kulia kwake, kwa mita 2 na nusu kilipofika kati. Kikundi cha magharibi kilipotoka kushoto kwake. Wakakutana uso kwa uso nje ya mstari wakiwa na furaha kubwa, wakidhani wamefanya kazi safi, mpaka nilipofunga kamba kati ya vigingi na kuwaonyesha walikosimama.

#30 Apolo_Mstaafu

Hongera kwa kujaribu, mwanangu, lakini panga hukata kwa kufagia kwenda kushoto, na nyundo hupiga kwenda mbele. Mabua hayawezi kukuambia habari za mwamba. Wape tindo na ukuta wa udongo uliokauka, uwape wiki mbili bila kuwakagua, halafu utuambie.

#31 Mpimaji_wa_Tanga

Nimekubali, mzee. Kuna ukingo wa machimbo ya zamani ya kokoto hapa karibu. Nikipata ruhusa ya mwenye eneo nitaanza na mita 3 kila upande, na nitaweka timazi lakini sitawaambia ni za nini.